Umeme Ukikatika, Daftari la Chama Lisifungwe

Somo kwa makatibu, makarani na wanachama wa vyama vya msingi

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo imefundishwa katika semina za ushirika kwa miaka mingi, na kila katibu mwema anaijua. Lakini siku hizi daftari la vyama vingi halikai tena kabatini. Limo ndani ya kompyuta, na mara nyingi kompyuta yenyewe haimo ofisini mwetu. Imo katika jengo la watu wengine, mjini, mbali na sisi. Kwa hiyo swali ambalo zamani halikuwapo sasa limekuwa letu: umeme ukikatika, daftari hilo litafunguliwaje?

Somo hili linajaribu kulijibu swali hilo. Halikuandikwa kwa ajili ya mafundi. Limeandikwa kwa ajili ya katibu anayetakiwa kutia sahihi mkataba, na kwa ajili ya mwanachama anayetaka kujua kama kilo zake na shilingi zake zi salama wakati taa zimezimika.

1. Siku ya mizani gizani

Msimu mmoja wa kahawa nilitumwa kukagua chama cha msingi ambacho wanachama wake walikuwa wamegawanyika. Nusu yao walitaka karani wa mizani afukuzwe na kushtakiwa. Nusu nyingine walisema kwamba wanamjua tangu utoto wake na kwamba si mwizi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya mapokezi, yapata saa tano asubuhi, wanachama wakiwa wamepanga foleni pamoja na magunia yao, umeme ulikatika. Chama kilikuwa na jenereta dogo, nalo liliwashwa mara moja. Taa za ofisi zikarudi na kompyuta ikarudi, lakini mfumo wa hesabu haukufunguka. Kampuni iliyokuwa ikikihifadhia chama mfumo huo ilikuwa na mashine zake katika mji ambao nao ulikuwa gizani, na mashine hizo hazikuwa na umeme wa akiba wa kutosha. Karani alisubiri. Hatimaye, kwa kuona wazee wamesimama juani, akaanza kupima na kuandika uzito katika vipande vya karatasi vilivyochanwa kutoka daftari la shule, kimoja cha mkulima na kimoja chake. Jioni umeme ulirudi, ukakatika tena, ukarudi. Usiku ule karani aliviingiza vipande vile katika mfumo kimoja baada ya kingine, na mara kadhaa mfumo ulizimika kabla hajajua kama alichokiandika kimepokelewa au hakikupokelewa.

Wakati wa malipo, jumla ya vitabu ilizidi kahawa iliyokuwamo ghalani kwa kilo 530. Watu wakasema karani ameandika kahawa hewa kwa majina ya jamaa zake. Nilikaa na vitabu hivyo siku tatu. Nikakuta kwamba vipande 11, vyenye jumla ya kilo 614, vilikuwa vimeingizwa mara mbili, na kwamba kipande kimoja cha kilo 84 hakikuingizwa kabisa. Hicho kilikuwa cha mama mmoja mjane. Alikuwa amezidai kilo zake, na wengi hawakumwamini, mpaka alipofungua pindo la kanga yake mbele yetu akatoa kipande chake cha karatasi, chenye mwandiko wa karani na tarehe ya siku ile.

Mama yule alilipwa, na karani akarudishwa kazini. Lakini alikuwa amekwisha kukaa nyumbani majuma matano, na watoto wake walikuwa wakiitwa watoto wa mwizi shuleni. Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu hasara ile haikuletwa na giza peke yake. Palikuwa na uzembe mahali patatu: kwa mwenye mashine, ofisini kwa chama, na katika kazi ya karatasi. Somo letu litazifuata sehemu hizo tatu.

2. Je, umeme ukiwa mwingi hautakatika?

Wapo ndugu wanaosema kwamba mashaka haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa nchi sasa ina umeme mwingi. Ni kweli kwamba mgao uliotusumbua mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulipungua baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Bwawa hilo lina mitambo 9, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Lakini umeme mwingi si sawa na umeme usiokatika. Umeme husafiri mamia ya kilometa kwa nyaya, nguzo, swichi na transfoma kabla ya kufika ofisini kwetu, na kasoro ya mahali pamoja huweza kuwazimia watu wengi. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu katika Gridi ya Taifa ilizima umeme katika sehemu kubwa ya Tanzania.

Majirani zetu nao wameyaona hayo. Tarehe 7 Juni 2016, nchini Kenya, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru akaangukia transfoma. Transfoma ile ikazimika, mzigo wake ukaielemea mitambo mingine, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alipona.

Basi katibu asijiulize kama umeme utakatika. Ajiulize utakapokatika kazi itaendeleaje.

3. Mnyororo wa umeme kwa mwenye mashine

Chama kinapolipia mfumo unaohifadhiwa na kampuni, kinapangisha nafasi katika kompyuta kubwa ziitwazo seva. Seva hizo hukaa katika jengo maalum liitwalo kituo cha data, na hutakiwa kuwaka usiku na mchana mwaka mzima. Ili zisizimike, kituo kizuri hujengwa kwa mnyororo wa pete kadhaa, na yafaa kila katibu azijue.

Pete ya kwanza ni umeme wa gridi. Vituo bora hupokea umeme kwa njia mbili tofauti, ili moja ikikatika nyingine ibaki.

Pete ya pili ni betri, zilizounganishwa na kifaa kiitwacho UPS. Kazi yake ni kushika mzigo papo hapo umeme unapokatika, bila seva kuhisi lolote. Betri hizo hazikusudiwi kufanya kazi siku nzima. Aghalabu zinatosha kwa dakika chache, kama 5 hadi 15, yaani muda wa kulisubiri jenereta.

Pete ya tatu ni jenereta pamoja na swichi inayohamisha mzigo yenyewe bila kungoja mtu. Jenereta lililotunzwa vizuri huwaka na kushika mzigo katika muda usiofika dakika moja.

Pete ya nne ni mafuta. Jenereta lisilo na dizeli ni chuma tu. Uliza tangi lina mafuta ya saa ngapi, na ni nani atakayeleta mengine barabara zikiwa zimefungwa na mvua.

Pete ya tano ni ubaridi. Seva hutoa joto kali. Viyoyozi vikizimika, hata kama seva zina umeme, chumba hupata joto kwa haraka na mashine hujizima zenyewe ili zisiungue. Kwa sababu hiyo viyoyozi navyo hapana budi viunganishwe na jenereta.

Pete ya sita ni njia ya mawasiliano. Seva inayowaka lakini isiyofikika haina faida kwa karani wa mizani.

Mnyororo huu hauwi imara kuliko pete yake iliyo dhaifu. Kampuni yaweza kununua jenereta la fedha nyingi, kisha kazi yote ikasimama kwa sababu ya betri ndogo ya kuwashia jenereta hilo, ambayo hakuna aliyeikagua tangu mwaka jana.

4. Mafunzo ya waliopatwa

Ndugu msomaji asidhani kwamba mambo haya huwapata maskini peke yao. Tazama visa vinne vifuatavyo, kila kimoja na fundisho lake.

Kisa cha kwanza ni cha New York, Marekani. Tarehe 29 Oktoba 2012 tufani iliyoitwa Sandy ilisukuma maji ya bahari hadi ndani ya mji. Sehemu ya kusini ya kisiwa cha Manhattan ikawa gizani kwa siku kadhaa. Katika jengo moja la mtaa wa Broad kulikuwa na kituo cha data cha kampuni iitwayo Peer 1. Jenereta lake lilikuwa juu ghorofani, mahali ambapo maji yasingelifikia. Lakini tangi kuu la dizeli na pampu za kuipandisha vilikuwa chini ya ardhi, navyo vikafunikwa na maji. Jenereta zima likabaki na mafuta ya saa chache tu. Ndipo wafanyakazi wa kampuni ile, pamoja na wateja wake waliokuwa wamehifadhi mifumo yao pale, walipojipanga katika ngazi wakiwa na ndoo za dizeli, wakazipandisha kwa mikono hadi ghorofa ya 17, kutwa kucha. Kituo chenyewe hakikuzimika. Sisi wanaushirika twaweza kuisifu kazi ile, kwa maana ni msaragambo hasa. Lakini fundisho lake kwa mkaguzi ni kwamba pampu moja iliyowekwa mahali pabaya ililifanya jenereta zima litegemee migongo ya watu.

Kisa cha pili ni cha Atlanta, Marekani pia. Tarehe 8 Agosti 2016 kifaa kimoja cha umeme kiliharibika katika kituo cha kompyuta cha shirika la ndege la Delta. Umeme ulirudishwa upesi, lakini ikagunduliwa kwamba katika mashine zipatazo 7,000, kama 300 hazikuwa zimeunganishwa ipasavyo na umeme wa akiba. Hizo 300 ziliwavuruga wenzao wote, na katika siku tatu safari zaidi ya 2,000 zikafutwa. Hapakuwa na upungufu wa umeme wa akiba. Palikosekana mtu wa kupita kutoka mashine hadi mashine akiuliza, je, na hii imeunganishwa?

Kisa cha tatu ni cha London, Uingereza. Tarehe 27 Mei 2017 umeme ulikatwa katika kituo cha data cha shirika la ndege la British Airways, kisha ukarudishwa bila utaratibu. Mkupuo wa umeme uliokuwa ukirudi ndio uliozidisha madhara kwa mitambo. Abiria wapatao 75,000 waliathirika. Hapo twajifunza kwamba saa ya umeme kurudi ina hatari yake, pengine kubwa kuliko saa ya kukatika.

Kisa cha nne kimetokea karibu nasi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya, na katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, jenereta lililohudumia baadhi ya majengo ya abiria halikuwaka. Watu walikaa gizani ilhali jenereta lipo. Jenereta hilo lilihesabiwa kuwa mali katika vitabu, lakini usiku ule halikuwa msaada.

Visa vyote vinne vinakutana mahali pamoja. Waliopatwa hawakukosa vifaa. Kilichokosekana ni kujaribiwa kwa mnyororo wote, kuanzia pete ya kwanza hadi ya mwisho, kabla ya siku ya shida. Akiba ya umeme isiyojaribiwa yafanana na fedha za sandukuni ambazo hakuna aliyezihesabu kwa mikono yake: mwandishi wa vitabu huiandika, lakini mkaguzi hawezi kuitegemea.

5. Hesabu ya ahadi

Makampuni hupenda kuahidi kwa asilimia. Katibu asivutwe na tisa nyingi. Achukue karatasi na kupiga hesabu. Mwaka wa siku 365 una saa 8,760.

Mfumo unaoahidiwa kupatikana kwa asilimia 99 waweza kuzimika saa 87 na dakika 36 kwa mwaka, yaani zaidi ya siku tatu na nusu, na ahadi isivunjwe.

Asilimia 99.9 ni kuzimika kama saa 8 na dakika 46 kwa mwaka.

Asilimia 99.99 ni kama dakika 53 kwa mwaka.

Tena uliza saa hizo zitaangukia lini. Saa nane za usiku wa manane mwezi wa Aprili hazimdhuru mkulima wa kahawa. Saa nane zilezile, zikiangukia siku ya mapokezi au juma la kulipa ada za shule mwezi wa Januari, ni hasara kwa mamia ya jamaa. Kwa hiyo mkataba utaje pia muda mrefu kabisa unaoruhusiwa mfumo kuzimika kwa mara moja, na fidia ya kuvuka muda huo.

Ipo taasisi ya Marekani, Uptime Institute, inayoviweka vituo vya data katika madaraja manne. Kituo cha daraja la tatu kinaweza kutengenezwa sehemu yoyote bila kuzimwa. Kituo cha daraja la nne kinastahimili hata sehemu mojawapo kuharibika ghafla. Kampuni ikitaja daraja, katibu aombe kuiona hati yenyewe, na asome kama ni ya jengo lililokwisha kujengwa au ni ya michoro tu.

Kabla ya kutia sahihi, Bodi na iulize kwa maandishi, na ipate majibu kwa maandishi:

(a) Jenereta lilijaribiwa lini mara ya mwisho likiwa limebeba mzigo, na kwa muda gani? Kuliwasha na kulizima bila mzigo si jaribio. Desturi njema ni kila mwezi, kwa muda usiopungua dakika 30.

(b) Betri zina umri gani? Betri ndogo zilizofungwa aghalabu hudumu miaka 3 hadi 5, na joto huzifupishia maisha.

(c) Mafuta yaliyopo yatatosha saa ngapi?

(d) Je, kuna nakala ya mfumo wetu katika mji mwingine, usiotumia njia ileile ya umeme, na ilijaribiwa lini?

(e) Chama chaweza kupata nakala ya hesabu zake kila siku, ikae mikononi mwake chenyewe?

Kampuni inayojibu maswali haya bila kuudhika inastahili kuzungumza nasi. Inayosema kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu yasiyotuhusu, tuiache.

6. Ofisini kwetu

Hata seva za mjini zikiwaka, karani asiye na umeme hawezi kuzifikia. Habari njema ni kwamba ofisi ndogo haihitaji jenereta kubwa. Tupige hesabu pamoja.

Kompyuta ya mkononi hutumia kama wati 40; ruta ya intaneti wati 10; mashine ndogo ya risiti wati 20; taa moja wati 10. Jumla ni wati 80.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya namna hii haifai kukamuliwa mpaka mwisho. Tukitaka idumu tutumie nusu, yaani wati-saa 600. Inveta nayo hula sehemu. Tuseme asilimia 15. Zinabaki wati-saa 510. Gawanya kwa 80, unapata saa 6 na zaidi kidogo. Hiyo yatosha siku ya mapokezi.

Sasa weka badala yake kompyuta ya zamani ya mezani inayotumia wati 150. Jumla ya mzigo inakuwa wati 190, na betri ileile inatosha kama saa 2 na dakika 40 tu. Kwa hiyo kuchagua kompyuta ya mkononi ni sawa na kununua betri ya pili. Sola ndogo ya kuichaji betri hiyo itasaidia pale umeme unapokatika siku kadhaa mfululizo.

Mambo manne zaidi yakumbukwe. Kwanza, umeme unaporudi, vifaa visichomekwe mara moja. Subiri dakika kadhaa utulie, na tumia kifaa cha kuzuia mkupuo. Pili, minara ya simu nayo ina betri zinazokwisha. Yafaa kuwa na laini mbili za kampuni tofauti. Lakini ulizeni kwanza, kwa maana minara mingi huhudumia kampuni zaidi ya moja, na laini mbili zinazotegemea mnara mmoja ni sawa na laini moja. Tatu, jenereta lisiwashwe kamwe ndani ya chumba au dirishani, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu inayoua bila harufu ya kutahadharisha. Nne, atajwe mtu mmoja kwa jina ambaye kila mwezi atazima umeme wa ofisi kwa makusudi, saa ambayo kazi ni chache, na kuandika katika kitabu betri ilidumu muda gani. Muda ukianza kupungua mwezi hadi mwezi, betri inazeeka, na Bodi itenge fedha kabla haijafa.

7. Kazi ya karatasi

Pamoja na maandalizi yote, ipo siku mfumo hautafunguka. Siku hiyo chama kisisimame, wala kisichane daftari la shule. Utaratibu uwe umepitishwa na Bodi na kusomwa mbele ya mkutano mkuu, nao uwe na mambo yafuatayo.

Vitabu vya stakabadhi za mkono, vilivyochapwa namba mfululizo na vyenye nakala tatu, vikae katika kabati lenye kufuli. Nakala moja ni ya mwanachama, moja ya karani, na moja hubaki kitabuni. Kufunguliwa kwa kitabu kuandikwe: saa, sababu, na namba ya stakabadhi ya kwanza. Kufungwa kwake kuandikwe vilevile na namba ya mwisho.

Mizani ya kutumia giza lijapo iwe ile isiyohitaji umeme, nayo iwe imehakikiwa na wakala wa vipimo kama mizani nyingine.

Kwa vyama vya akiba na mikopo, Bodi iweke kiwango cha juu cha fedha ambacho mwanachama anaweza kuchukua wakati mfumo umezimika, na orodha ya salio ichapwe kila jioni na kuwekwa ndani ya sefu. Kiwango hicho kiwe kidogo kiasi cha kuzuia udanganyifu, lakini kisiwe kidogo hata mama mwenye mtoto mgonjwa akarudi mikono mitupu. Kila anayechukua fedha aandikwe mara moja katika orodha hiyo, asije akachukua tena katika tawi jingine.

Mfumo ukirudi, stakabadhi ziingizwe si zaidi ya siku ya pili, na watu wawili: mmoja anasoma, mwingine anaandika. Namba ya stakabadhi ya mkono iandikwe ndani ya mfumo pamoja na kila ingizo, ili stakabadhi moja isiingie mara mbili. Kila iliyoingizwa igongwe muhuri. Umeme ukikatika katikati ya kazi, msikisie. Tafuteni kwanza namba ya stakabadhi ya mwisho iliyopokelewa, ndipo muendelee. Mwisho, jumla ya stakabadhi ilinganishwe na jumla ya mfumo na ya ghala, na wote wawili watie sahihi.

Lau karani wa chama kile angalikuwa na kitabu cha namba na mwenzake mmoja wa kusoma, vipande 11 visingaliingia mara mbili, na kilo 84 zisingalihitaji pindo la kanga ili zithibitike.

8. Hitimisho

Ndugu Wanaushirika, kompyuta imetuondolea kazi nyingi, nami si miongoni mwa wanaotaka turudi kwenye wino na leja. Lakini haikutuondolea wajibu wa kulitunza daftari la watu. Mwanachama aliyelima mwaka mzima haulizi seva iko mji gani. Anauliza kama alichopimiwa leo kitaonekana kesho. Jibu la swali hilo ni letu, umeme uwepo au usiwepo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mfumo wa chama chetu umehifadhiwa wapi? Nani kati yetu ameuona mkataba wake?

2. Umeme ukikatika sasa hivi, ofisi yetu itafanya kazi kwa saa ngapi? Tumejuaje?

3. Piga hesabu: ofisi ina mzigo wa wati 120 na betri mbili za volti 12 na ampea-saa 100 kila moja. Ukitumia nusu ya nguvu ya betri na kuondoa asilimia 15 ya inveta, kazi itaendelea kwa muda gani? (Jibu: saa 8 na nusu.)

4. Mara ya mwisho mfumo ulipozimika, tuliandika wapi? Karatasi hizo ziko wapi leo?

5. Ni kiwango gani cha fedha kinachofaa kuruhusiwa mfumo ukiwa umezimika, na kwa nini?

Makatibu wanaombwa kuandika majibu ya swali la pili na la nne katika kumbukumbu za mkutano. Mkaguzi atakapofika, hayo ndiyo atakayoyauliza kwanza.